Ini Lina Shida, na Pombe Hanywi!

Kabla hujamshuku mwenzi wako, utazame kwanza mkate wa asubuhi

Tuseme mumeo kaenda kupima afya kwa ajili ya bima. Majibu yanarudi: vimeng'enya vya ini viko juu. Macho yanakutoka. "Kumbe kila ukisema uko kikaoni, uko baa!" Yeye anaapa chupa hajagusa tangu siku ya harusi. Nyumba inawaka moto.

Taratibu, dada. Ni kweli pombe, homa ya ini na mafuta kwenye ini ndivyo hushukiwa kwanza. Lakini hivyo vyote vikishapimwa na jibu halijapatikana, yupo mshukiwa mwingine ambaye wengi hatumfikirii: ngano.

Ngano na ini, wapi na wapi?

Kuna ugonjwa unaitwa siliaki. Mwenye nao akila gluteni, protini iliyomo kwenye ngano na shayiri, kinga ya mwili wake huushambulia utumbo mwembamba. Damu inayotoka kwenye utumbo hupitia kwenye ini, na ini nalo huweza kuumia. Wapo watu wazima wasioharisha wala kuumwa tumbo. Wanachoona ni uchovu, upungufu wa damu, au majibu mabaya ya ini basi.

Habari njema ni kwamba dawa yake ni chakula. Kwa wengi, vipimo vya ini hurudi sawa ndani ya miezi 6 hadi 12 baada ya kuacha gluteni. Mwaka 2002 madaktari wa Finland walieleza habari za wagonjwa 4 wenye siliaki na ini lililoharibika vibaya. 3 kati yao walikuwa wamefikia hatua ya kufikiriwa kupandikizwa ini. Walipoacha gluteni, maini ya wote 4 yalipata nafuu.

Hata hivyo si kila ini hupona kwa chakula peke yake. Wengine kinga yao hulishambulia ini lenyewe, na hao wanahitaji dawa. Hivyo kliniki msiiache.

Mfanye nini?

• Usiache ngano kabla ya kupima! Kipimo cha damu, na kile cha kuchukua kinyama kwenye utumbo, vinaweza kukudanganya ukishaacha.

• Majibu yakithibitisha, chapati, maandazi, tambi na bia ya shayiri, kwaheri. Ugali wa mahindi, wali, ndizi, mihogo na viazi, karibu. Ila unga wa mahindi usagwe kwenye mashine isiyosaga ngano.

• Tenga kikaango na mwiko wake.

• Usimwambie "onja kidogo tu, haitakudhuru." Kidogo hicho hicho kinadhuru.

Na lile neno la baa ulilomrushia? Mwombe radhi, halafu nenda naye kwa daktari. Akikuona umekaa pembeni yake kwenye benchi la hospitali, atajua hamko kesini tena, mko pamoja.