Chuki na Usalama (2): Video za Wad Madani, Maduka ya Juba

Wiki iliyopita tulikuwa Halle, Ujerumani. Tarehe 9 Oktoba 2019, siku ya Yom Kippur, mtu mwenye bunduki alishindwa kuvunja mlango wa sinagogi, akaua watu wawili nje huku akirusha tukio hilo mubashara kwenye intaneti. Waliokuwa wakisali ndani hakuwafahamu hata mmoja. Ilimtosha kwamba ni Wayahudi. Fikra hiyo, ya kumhukumu mtu kwa kabila au taifa lake, Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini, inaifahamu vizuri.

Januari 2025 jeshi la Sudan liliukomboa mji wa Wad Madani kutoka mikononi mwa wanamgambo wa RSF, wanaopigana na jeshi hilo. Haukupita muda, video za mauaji zikazagaa kwenye simu, na miongoni mwa waliouawa walikuwamo raia wa Sudan Kusini. Walituhumiwa kuwasaidia RSF, na kwa waliowaua uraia wao ulikuwa ushahidi tosha. Tarehe 16 hasira ililipuka Juba. Maduka ya Wasudan yalivunjwa na kuporwa, wenyewe wakasakwa, na serikali ikapiga marufuku kutembea kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi. Wasudan wasiopungua 16 waliripotiwa kuuawa nchini.

Inauma zaidi ukijua ni akina nani wanaofanya biashara katika miji ya Sudan Kusini. Wamo watu wa Darfur, ambao jeshi hilohilo la Sudan lilianza kuvichoma na kuvipiga mabomu vijiji vyao tangu 2003. Mtu amekimbia ndege za Khartoum, kisha anapigwa Juba kwa niaba ya Khartoum.

Tarehe 22 Januari mamlaka ya mawasiliano ya Sudan Kusini iliagiza Facebook na TikTok zifungwe, na kabla ya wiki kwisha zikafunguliwa. Sikatai kwamba picha zile zilichochea moto, wala sioni raha mtoto akitazama watu wakichinjwa. Ila tusijidanganye kwamba kufunga mitandao ndiyo dawa. Aprili 2014, vikosi vya waasi vilipoingia mji wa Bentiu, Sudan Kusini, baadhi ya wapiganaji walitumia redio ya mji, Bentiu FM, kuwataka watu wa makabila fulani waondoke na kuhimiza wanawake wabakwe. Makamanda wengine walitumia redio hiyohiyo kuhimiza umoja. Katika msikiti wa Kali-Ballee waliuawa raia zaidi ya 200, na humo tena walikuwamo wafanyabiashara kutoka Darfur. Karibu miaka 11 kabla ya maduka ya Juba kuporwa, watu walewale walikuwa wameshauawa ndani ya nyumba ya ibada.

Na kabla ya Bentiu kulikuwa na Gudele, hapa Juba. Desemba 2013, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza, mamia ya wanaume wa kabila la Nuer walikusanywa katika jengo la polisi wakamiminiwa risasi. Hilo halikuhitaji TikTok. Tume ya Umoja wa Afrika chini ya Olusegun Obasanjo, ambayo ripoti yake ilitolewa Oktoba 2015, ilieleza kwamba mauaji ya Juba yalipangwa, hayakuwa vurugu za wanajeshi waliolewa hasira.

Nani alisimama kizimbani kwa ajili ya Gudele au kwa ajili ya msikiti wa Kali-Ballee? Mkataba wa amani wa Agosti 2015 uliahidi Mahakama Mseto ya Sudan Kusini, na ule wa Septemba 2018 ukairudia ahadi hiyo. Mahakama yenyewe haijaundwa. Kijana aliyekuwa na miaka 10 mwaka 2013 alikuwa mtu mzima Januari 2025, na muda wote huo hakuona mkubwa yeyote akijibu kwa damu ya Gudele. Alipotoka kwenda kulipiza kisasi dukani, alikuwa na kila sababu ya kuamini kwamba hataulizwa.

Jukumu la kuiunda mahakama hiyo lilikabidhiwa Kamisheni ya Umoja wa Afrika. Wiki ijayo nitaeleza kwa nini mkataba ulitaka majaji wake walio wengi watoke nchi nyingine za Afrika, na nani hasa anaogopa hilo.