Sauti ya Mwimbaji Mbele ya Sheria

Hakimiliki, ambayo wengi huidhani kuwa ngao kamili ya mwimbaji, hulinda utunzi wa wimbo na rekodi yake, lakini haiilindi sauti yenyewe kama sauti. Sheria ya Marekani hutamka bayana kwamba haki ya mwenye rekodi haimzuii mtu mwingine kuimba upya kwa kuiga, hata mwigo ukifanana na asili. Pengo hilo lilivumilika wakati kuiga kulihitaji mwigaji mwenye kipaji. Limekuwa hatari tangu akili unde, yaani mifumo ya kompyuta inayojifunza kutokana na mifano mingi, ilipoweza kuinasa sauti ya mtu kutoka katika rekodi zake na kuiimbisha asichowahi kukiimba. Ndivyo ilivyokuwa Aprili 2023, wimbo "Heart on My Sleeve" uliposambaa mitandaoni ukiwa na sauti zilizoigizwa za wanamuziki Drake na The Weeknd.

Kinga imetafutwa kwingine, katika haki ya utambulisho, ambayo ni haki ya mtu kuamua nani anufaike kibiashara na jina, sura au sauti yake. Kesi ya msingi ni ya Bette Midler. Mwimbaji huyo alikataa kuimba katika tangazo la magari ya Ford, na wakala wa matangazo, akiwa na idhini ya wenye utunzi, akamkodi mwitikiaji wake wa zamani amwige. Mwaka 1988 mahakama ya rufaa ilikubali kwamba hakimiliki haikuvunjwa, lakini ikaamua kwamba kuiga kwa makusudi sauti inayojulikana sana ili kuuza bidhaa ni kosa, na baadaye Midler akatuzwa dola 400,000. Uamuzi huo ni wa haki, ila unamfaa aliyekwisha kuvuma. Chipukizi asiye na jina hubaki nje.

Jimbo la Tennessee nchini Marekani, ambalo sheria yake ya 1984 ililinda jina na sura bila kuitaja sauti, lilipitisha sheria mpya iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2024. Sheria hiyo huilinda sauti ya mtu yeyote, iwe halisi au ya kuigizwa, na humwajibisha pia anayesambaza programu ambayo kusudi lake kuu ni kuiga watu bila idhini, huku ikiacha nafasi kwa habari, uhakiki na tashtiti. Kumfikia mwenye chombo ni hatua ya busara, kwa kuwa aliyekitumia mara nyingi hajulikani.

Hata hivyo, haki inayoweza kukabidhiwa kwa saini moja ni haki dhaifu, hasa kwa kijana anayetia saini mkataba wake wa kwanza na kampuni ya kurekodi. Muswada uliowasilishwa katika Bunge la Marekani mwaka 2024, kisha tena Aprili 2025, unapendekeza kwamba idhini ya kutumia nakala ya kidijitali ya mtu aliye hai iwe ya maandishi na isizidi miaka 10, au mitano kwa mtoto. Kifungu hicho, ambacho hutajwa kwa nadra, ndicho kinachomfaa zaidi mwimbaji wa kawaida.