Umbo la Diski ya Breki, Nguvu ya Kusimamisha Gari na Kufifia kwa Breki kwa Joto

Gari linaposimamishwa, nishati mwendo yake haipotei, bali hugeuka joto katika diski na pedi. Gari la kilogramu 1,500 linalokwenda kilomita 100 kwa saa lina nishati ya takribani kilojuli 579. Hivyo, diski ina kazi mbili: kuzuia gurudumu na kubeba joto. Makala haya yanaonesha kwamba kazi hizo hutegemea sifa tofauti za umbo, na kwamba ukaguzi unaopima ya kwanza pekee unaweza kupitisha gari la hatari.

Momenti ya kuzuia gurudumu hutokana na kani ya kubana pedi, kizigeu cha msuguano, na umbali wa pedi kutoka katikati ya gurudumu. Kwa kani ileile, diski pana hutoa momenti kubwa zaidi. Hata hivyo, gurudumu likikaribia kuserereka, mshiko wa tairi barabarani ndio unaoweka kikomo.

Ubebaji wa joto hutegemea tungamo na mtiririko wa hewa. Tuchukulie kwamba diski moja ya mbele hupokea kilojuli 200 kila gari linaposimamishwa. Kwa kuwa joto mahususi la chuma cha kusubu ni takribani juli 460 kwa kilogramu kwa nyuzi moja ya Selsiasi, diski ya kilogramu 8 itapanda nyuzi 54 hivi; ikilika hadi kilogramu 6, itapanda nyuzi 72. Baada ya kusimama mara tano bila kupoa, tofauti hufikia nyuzi 90. Joto likizidi, resini ya pedi huvunjika na kutoa gesi, msuguano hushuka, na dereva hukanyaga bila kupata zuio alilotarajia.

Ndiyo maana diski nyingi za mbele huwa na nyuso mbili zilizotenganishwa kwa mapezi yanayosukuma hewa kutoka katikati hadi ukingoni. Matundu husaidia kutoa gesi na maji, lakini hupunguza tungamo na huweza kuanzisha nyufa. Breki za ngoma zina udhaifu mwingine: ngoma ikipata moto hutanuka na kujitenga na viatu vyake, ilhali diski hunenepa kuelekea pedi.

Kanuni Na. 13 ya Umoja wa Mataifa hulitambua suala hili: lori zito lenye shehena kamili hujaribiwa kwa mzigo wa joto unaolingana na kushuka mteremko wa asilimia 6 kwa kilomita 6, kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa. Kwa lori la tani 40, huko ni kushuka mita 360, yaani takribani megajuli 141, ambazo injini, matairi na hewa hubeba sehemu yake tu. Barabara inayoshuka kutoka nyanda za juu za Burundi hadi Bujumbura hudai zaidi ya hapo.

Kipimo cha rola kituoni, breki zikiwa baridi, hakioneshi udhaifu huo. Kwa hiyo, ukaguzi unapaswa kujumuisha kupima unene wa diski na kuulinganisha na kiwango cha chini kilichowekwa na mtengenezaji, na vipuri viingizwavyo nchini vitakiwe kukidhi Kanuni Na. 90. Mikromita ni chombo cha bei nafuu. Breki iliyofifia mteremkoni haina mbadala.