Sayansi: mlipuko wa nyota uliogusa anga la Afrika, na swali la dhahabu

Jumapili tarehe 9 Oktoba 2022, karibu saa tisa na dakika 17 alasiri kwa saa za Goma na Bukavu, miale ya gama kutoka mbali sana iliifikia dunia. Upande ulioielekea ulikuwa wa Asia, Ulaya na Afrika, pamoja na Kongo. Hakuna aliyeona wala kusikia kitu. Hewa inayoizunguka dunia huizuia miale hiyo isifike chini, na ndiyo sababu wanasayansi huitafuta kwa satelaiti.

Moja kati ya satelaiti zilizoinasa ni Fermi, ya shirika la anga la Marekani, NASA, iliyorushwa mwaka 2008. Kipo ndani yake chombo chenye vipokezi 14 vya kristali vilivyoelekezwa pande mbalimbali. Mwale wa gama ukigonga kristali, kristali hutoa mwanga mdogo, na mwanga huo hugeuzwa kuwa alama ya umeme. Kipokezi kinachotazamana na mlipuko hupata miale mingi kuliko kile kilichogeukia upande mwingine. Kwa kulinganisha hesabu hizo, inajulikana mlipuko umetoka upande gani. Siku ile miale ilikuwa mingi mno, hata vipokezi vikashindwa kuihesabu yote.

Kiasi cha saa moja baadaye, satelaiti nyingine ya NASA, Swift, iliona mwanga wa eksirei mahali pale pale. Kwanza ilidhaniwa ni nyota ya galaksi yetu wenyewe. Data za Fermi zilipolinganishwa na za Swift, ikaonekana ni jambo lingine kabisa: mwanga huo ulikuwa umesafiri miaka kama miliari 1,9 kabla ya kutufikia. Mlipuko ulipewa jina GRB 221009A, kufuatana na tarehe yake. Ndio wenye mwanga mkali kuliko yote iliyowahi kupimwa, na wanasayansi wanakadiria kwamba wa namna hiyo hutufikia mara moja tu katika miaka 10.000 hivi.

Hata kwa umbali huo, uliacha alama. Satelaiti ya China inayozunguka dunia kwenye kimo cha kilometa 500 hivi ilipima badiliko la nguvu ya umeme katika tabaka la juu la hewa, lile linalosaidia mawimbi ya redio kufika mbali. Matokeo yalitangazwa mwaka 2023.

Milipuko hii iligunduliwa bila kutafutwa. Mwaka 1963, Marekani, Uingereza na Urusi ya Kisovieti zilikubaliana kuacha majaribio ya bomu za nyuklia hewani, angani na chini ya maji. Marekani ikarusha satelaiti za Vela ili kuchunguza kama mapatano yanaheshimiwa. Tarehe 2 Julai 1967, Vela zilinasa miale ya gama isiyofanana na ya bomu. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 1973 tu, ilipojulikana kwamba miale haikutoka duniani wala kwenye jua.

Leo milipuko inagawanywa katika makundi mawili. Ile inayozidi sekunde mbili mara nyingi hutokea nyota kubwa inapokufa na kuacha shimo jeusi. Ile mifupi hutokea nyota mbili za nyutroni zinapogongana. Tarehe 17 Agosti 2017, vituo vya LIGO na Virgo vilipima mtikisiko wa mgongano wa namna hiyo, na sekunde 1,7 baadaye Fermi ikanasa miale yake. Darubini zikaona pale dalili za madini mazito yakitengenezwa, aina ya dhahabu na platini.

Hapo ndipo jambo hili linawagusa wachimbaji wa Mongbwalu ao Kamituga: dhahabu wanayoitoa udongoni ilikuwako kabla dunia haijaumbika. Lakini je, migongano hiyo peke yake inatosha kueleza dhahabu yote iliyopo? Wengi walitumaini kwamba mlipuko mkubwa wa 2022 utaonyesha chanzo kingine. Miezi kama sita baadaye, darubini ya James Webb iliangalia mahali pale. Iliona mabaki ya nyota iliyolipuka, lakini si dalili yoyote ya dhahabu. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2024, na swali bado liko wazi.

Tangu Juni 2024, SVOM, satelaiti ya China na Ufaransa, imeungana na Fermi na Swift katika kuvizia milipuko mingine.