Kabla ya Kupanda, Tazama Ziwa

Aliyewahi kupanda Kilimanjaro au Meru hufundishwa mapema kwamba mlima hupandwa alfajiri. Mtu huondoka anga likiwa safi, na mawingu ya alasiri humkuta ameshashuka. Ni ushauri mzuri uliookoa watu wengi. Lakini ukiuchukua kama ulivyo ukaupeleka kwenye vilima vya Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, wakati wa vuli, kati ya Oktoba na Desemba, unaweza kukufikisha kileleni saa ileile radi inapowasili.

Chanzo ni Ziwa Victoria. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko maji, na upepo huvuma kutoka ziwani kwenda bara. Usiku mambo hugeuka. Ardhi hupoa upesi, maji ya ziwa hubaki na uvuguvugu, na upepo kutoka kando zote hukutana katikati ya ziwa na kuisukuma juu hewa yenye unyevu. Mawingu hujengeka usiku kucha. Kisha pepo za mashariki huyasogeza kuelekea magharibi, na magharibi ndiko iliko Bukoba. Ndiyo maana wakazi wa mji huo wamezoea kuamshwa na ngurumo kabla ya jogoo. Pia ndiyo maana Bukoba hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, wakati Karagwe, iliyo bara zaidi, hupata kiasi kidogo sana ukilinganisha.

Watanzania wengi wanaikumbuka asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022. Ndege ya abiria kutoka Dar es Salaam, ikiwa na watu 43, ilitumbukia ziwani karibu na uwanja wa Bukoba ilipokuwa ikijaribu kutua katika hali mbaya ya hewa. Watu 19 walifariki, na wavuvi ndio waliofika kwanza na mitumbwi yao. Ilikuwa kabla ya saa 3 asubuhi, muda ambao mpanda mlima wa kwingineko angeuita salama kabisa.

Vilima vyenyewe havitishi kwa urefu. Mji wa Bukoba uko kama mita 1,150 kutoka usawa wa bahari, na uwanda wa Kamachumu, wilayani Muleba, uko mamia ya mita juu yake. Hatari iko kwenye umbo la nchi. Chini kuna vibanja vyenye migomba, mibuni na nyumba, ambako mtu yuko katikati ya watu na majani. Akiuacha mgomba wa mwisho anaingia rweya, kama Wahaya wanavyouita uwanda wa nyasi usiolimwa. Humo udongo ni mwembamba, mwamba umejitokeza, miti ni ya kuhesabu, na mtu aliyesimama anaweza kuwa ndicho kitu kirefu kuliko vyote hadi upeo wa macho.

Hapo radi haina mzaha. Oktoba 2018, katika mkoa jirani wa Geita, radi moja iliua wanafunzi sita shuleni. Walikuwa darasani, si kilimani. Kwa mtu aliye rweya hesabu ni rahisi, na kila mmoja katika msafara anapaswa kuijua kabla ya kufunga viatu. Ukiona mwanga, anza kuhesabu mpaka usikie ngurumo. Kila sekunde tatu ni kilomita moja. Ikilia kabla hujafika 30, radi iko ndani ya kilomita kumi na inaweza kukufikia. Shuka sasa, usingoje tone la kwanza. Baada ya ngurumo ya mwisho subiri nusu saa nzima ndipo uendelee. Kipande hiki cha kusubiri ndicho watu hukivunja, kwa sababu mvua imekatika na jua limechungulia.

Pa kukimbilia ni jengo imara lenye watu, au ndani ya gari lenye bati juu. Kibanda cha nyasi huzuia mvua tu. Mti uliosimama peke yake ni mahali pabaya kuliko hata kuloa. Wasiopata jengo wateremke bondeni, waachane kwa hatua kadhaa ili pigo moja lisiwapate wote, wachuchumae miguu ikiwa pamoja. Na akipigwa mtu, aguswe mara moja. Mwili wake haubaki na umeme, kama wengi wanavyoamini, na ikiwa moyo umesimama, kumkandamiza kifua bila kukoma kunaweza kumrudisha.

Adui wa pili ni baridi, na hapa watu wengi wa Kagera hushangaa. Baridi gani, mahali ambapo usiku kipimo ni nyuzi 16 au 17? Lakini mwili haupozwi na barafu peke yake. Fulana ya pamba iliyolowa hung'ang'ania ngozi, upepo wa ziwa huipuliza, na joto huondoka kwa kasi ambayo mtu mkavu haijui. Ishara huonekana kwanza mikononi: vidole vinashindwa kufunga kamba ya kiatu au kufungua zipu. Kisha mtu anatetemeka, anajikwaa, anajibu maswali polepole. Akiacha kutetemeka kabla hajapata joto, wenzake wasidhani amepona; hapo hali imekuwa mbaya zaidi.

Dawa yake haihitaji duka la watalii. Kwenye marundo ya mitumba hupatikana masweta mepesi yenye manyoya, yale ya nyuzi za plastiki, ambayo ukiyakamua yanakauka upesi na hata yakiwa na unyevu bado yanatia joto. Moja la kuvaa, jingine likae ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa, lisiguswe mpaka shida ifike. Juu yake koti la mvua lisilopitisha upepo. Chai ya moto kwenye chupa inafaa kuliko soda. Kwa chakula, Novemba ni mwezi wa senene, na konzi moja ya senene waliokaangwa ina mafuta na protini ya kumsukuma mtu kilima kizima bila kulemea begi.

Viatu vinahitaji neno la peke yake. Mkulima wa Muleba huamini gambuti, na shambani ana haki. Kwenye matope ya kibanja gambuti halina mpinzani. Ila juu, kwenye mwamba uliolowa, soli yake laini huteleza, na kifundo cha mguu huchezacheza ndani yake. Kiatu cha kamba chenye meno mapana ni bora, hata kama soksi zitaloa. Mvua ikiwa imenyesha usiku, vijito vya mabondeni navyo hubadilika kwa saa chache. Maji yakipita magoti na yana kasi, kurudi nyuma ni uamuzi wa mtu mwenye akili.

Maandalizi haya yana faida nyingine kwa vijana wanaoota Uhuru Peak, kilele cha Kilimanjaro. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliuwasha Mwenge wa Uhuru juu ya Kilimanjaro, na hadi leo wapo wanaochagua tarehe hiyo kupanda, ingawa mvua za vuli huenda hazijakatika. Kupanda Kamachumu hakumwandai mtu kwa hewa nyembamba ya mita 5,895. Hilo linataka siku za kuzoea na kushuka mara kichwa kinapouma vibaya na akili kuchanganyika. Lakini kilima cha nyumbani kinapima vifaa. Koti linalovuja saa moja kutoka nyumbani lingevuja pia kwenye kambi ya Horombo, mita 3,720, ambako kuloa ni jambo jingine kabisa. Ni afadhali kuligundua mahali ambapo kuna kibanja karibu na moto jikoni.

Basi siku ya safari ianze kwa kusikiliza Mamlaka ya Hali ya Hewa, ambayo hutoa utabiri wa vuli kwa Kagera na, siku zikiwa mbaya, angalizo au tahadhari. Kisha mtu atoke nje na kutazama mashariki. Akiwa Bukoba mjini, kisiwa cha Musira ndicho kipimo chake. Kama nyuma ya kisiwa hicho maji na anga vimeungana kuwa ukuta wa kijivu, begi lirudi chini na kahawa ya kutafuna itolewe. Mara nyingi ukuta huo hupita, na kufikia saa 4 au saa 5 anga la ziwani limefunguka. Mwamba bado si wa kuaminika. Kwenye mawe ya mchanga ya vilima hivi kuna utando mweusi ambao ukikauka hukwaruza kidole kama msasa, na ukiloa huwa kama sabuni. Mtu auguse kwanza kwa mkono. Ukiteleza chini ya kidole, asiupande. Aliache jua lifanye kazi yake saa moja zaidi, akijua kwamba ana mpaka kama saa 12 na nusu jioni kabla giza halijaingia, na kwamba tochi yenye betri mpya iko juu kabisa ya begi.