Medali ya Shaba na Kosa la Siku Mbili

Askari akitajiwa neno medali, fikira zake huenda moja kwa moja kifuani: utepe, pini, gwaride, na mkuu wa kikosi akisogea kumvisha. Hiyo, kwa hakika, ni nishani. Ipo medali ya namna nyingine ambayo haivaliwi, haina utepe wala tundu la kuning'inizia, na wala haitolewi kwa ajili ya ushujaa wa mtu. Ni kipande cha shaba cha duara, chenye ukubwa wa kukaa vizuri kiganjani, kilichochorwa na msanii pande zote mbili ili kumkumbusha mtu fulani au tukio fulani. Medali hizo ndizo tunazokusudia kuzizungumza leo, kwa kuwa ziko miongoni mwao zilizopigana vita pasipo kuvaliwa na askari hata mmoja.

Sanaa hii ilizaliwa Italia. Mwaka 1438 Mfalme Mkuu wa Byzantium, Yohana wa Nane Palaiologos, alifika katika mji wa Ferrara kuhudhuria mtaguso uliokusudiwa kuliunganisha Kanisa la Mashariki na la Magharibi. Nia yake nyingine ilikuwa kutafuta msaada wa kijeshi dhidi ya Waturuki, ambao walikuwa wakiuzunguka mji wake wa Konstantinopoli. Mchoraji aitwaye Pisanello alimwona, akamchora katika karatasi, kisha akamtengenezea medali ya shaba. Upande mmoja kuna uso wa mfalme uliotazama kando, naye amevaa kofia ndefu iliyochongoka. Upande wa pili yuko juu ya farasi, mikono ameikunja akisali mbele ya msalaba wa njiani. Msaada aliopata haukutosha, na mwaka 1453 Konstantinopoli ilitekwa. Dola ile imekwisha kabisa, lakini kofia yake tunaijua hadi leo.

Shaba inayotumika si shaba tupu. Huchanganywa na bati, na mchanganyiko huo huwa mgumu kuliko kila kimoja peke yake, huku ukitiririka vizuri ndani ya kalibu na kuingia hata katika kijifundo cha ushanga. Mafundi wanazo njia mbili. Ya kwanza ni kusubu: msanii huchonga mfano wake kwa nta au plasta, mfano huo hupigwa katika mchanga laini uliogandamizwa, kisha shaba iliyoyeyuka humiminwa ndani ya alama iliyobaki. Ya pili ni kupiga chapa: mihuri miwili ya chuma cha pua huibana shaba kati yake kwa nguvu ya mtambo, kama inavyofanywa sarafu. Medali ya kusubu huwa na ngozi laini yenye vijitundu vidogo na kingo zisizo kali. Ya kupigwa chapa huwa kavu, sawasawa, na zote hulingana kama askari katika mstari.

Lipo jambo moja hapa ambalo ndugu zetu wa polisi watalipenda. Shaba ikipoa hunywea. Kwa hiyo mtu akichukua medali halisi, akaipiga katika mchanga na kusubu nakala, nakala hiyo lazima itoke ndogo kidogo kuliko mama yake, na herufi zake zitakuwa zimefifia. Tofauti yaweza kuwa milimita moja tu au chini ya hapo, jicho lisiione, lakini kipimo cha fundi kitaiona. Ndiyo sababu wakusanyaji wa medali hupima kipenyo kabla ya kusema neno lo lote.

Sasa tuje kwenye medali yenyewe.

Tarehe 7 Mei 1915, alasiri, meli ya abiria ya Kiingereza iitwayo Lusitania, mali ya kampuni ya Cunard, ilikuwa ikikaribia pwani ya kusini ya Ireland ikitokea New York. Nyambizi ya Kijerumani U-20, chini ya Kapteni Walther Schwieger, iliipiga kwa topido moja. Mlipuko wa pili ulifuata mara, na katika muda wa dakika 18 meli ile kubwa ilikuwa imekwisha zama. Watu karibu 1,200 walipoteza maisha, wanawake na watoto wengi miongoni mwao. 128 walikuwa raia wa Marekani, nchi ambayo wakati huo haikuwa vitani.

Katika mji wa Munich aliishi msanii wa medali, Karl Goetz, mzaliwa wa Augsburg wa mwaka 1875. Hakuwa mtumishi wa serikali. Alikuwa na karakana yake, na medali zake za vita zilikuwa za kejeli, kama zilivyo katuni za magazeti, isipokuwa zake zilikuwa za shaba. Goetz aliamini kwamba lawama ya vifo vile ni ya kampuni ya meli, iliyobeba abiria pamoja na vifaa vya vita, huku Ubalozi wa Ujerumani ukiwa umekwisha toa onyo katika magazeti ya Marekani, na onyo hilo lilichapwa siku ile ile meli ilipong'oa nanga. Basi mwezi wa Agosti 1915 akatengeneza medali yenye kipenyo cha milimita 56 hivi, akaisubu katika mchanga. Hakutoa nyingi, idadi yake haikufika 500.

Upande mmoja unaionyesha meli ikididimia, na juu ya sitaha yake zimerundikwa mizinga na ndege za vita. Juu kabisa yameandikwa maneno ya Kijerumani yenye maana ya kuwa hakuna bidhaa haramu za vita, yaani msanii anaidhihaki kampuni kwa madai yake. Upande wa pili ndio wenye kutisha. Kuna dirisha la kukatia tiketi la kampuni ya Cunard, na anayezikata ni kiunzi cha mifupa ya mtu: Mauti yenyewe, imeinama kidogo kama karani aliyechoka. Abiria wamesongamana. Mmoja anasoma gazeti lenye onyo la hatari ya nyambizi. Nyuma yake bwana mwenye ndevu na kofia ndefu, anayemwakilisha balozi wa Ujerumani, ameinua kidole kuwakanya, wala hakuna anayemsikiliza. Juu yao yapo maneno matatu ya Kijerumani yenye maana kwamba biashara ni mbele ya yote. Kwa kazi ya mikono, na tuseme haki, ni sanaa ya hali ya juu.

Lakini chini ya ile meli Goetz aliandika tarehe: 5 Mei 1915.

Meli ilizama tarehe 7. Goetz alieleza baadaye kwamba aliipata tarehe hiyo katika habari ya gazeti iliyokosewa. Huenda kosa la namna hiyo lingepita bila ya kuonwa na mtu, kama medali moja isingefika mikononi mwa Waingereza. Hao waliisoma kwa jicho jingine kabisa. Ikiwa Mjerumani ameandika tarehe 5, walisema, na meli imezamishwa tarehe 7, basi medali ilitengenezwa kabla ya tukio. Na ikiwa ilitengenezwa kabla, basi mauaji yale yalipangwa, na Ujerumani nzima inayashangilia.

Katika mwaka 1916 Lord Newton, aliyesimamia propaganda katika Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza, alimwomba Gordon Selfridge, tajiri mwenye duka kubwa la London, aitengeneze nakala ya medali ile. Zikatolewa za chuma, si za shaba, kila moja ndani ya kisanduku kizuri pamoja na karatasi ya maelezo yenye maneno makali. Bei ilikuwa shilingi moja, na faida ilikwenda kwa Msalaba Mwekundu na kwa hosteli ya St Dunstan's ya askari na mabaharia waliopofuka vitani. Mkuu wa kamati ya mauzo alikadiria baadaye kuwa nakala 250,000 ziliuzwa.

Sisi tulio katika kazi ya kutoa habari za jeshi hatuna budi kuzitazama tarakimu hizo mara mbili. Mwenye medali alitoa chini ya 500. Adui yake alitoa robo milioni. Goetz alitaka kuwacheka Waingereza, nao wakakichukua kicheko chake, wakakipigia chapa upya na kukieneza duniani kwa shilingi moja moja, bila ya kuhitaji kukiongezea uongo mkubwa. Goetz alipotambua kosa alitengeneza medali nyingine yenye tarehe sahihi ya 7 Mei. Haikumsaidia kitu. Mwaka 1917 serikali ya Bavaria, ikiona aibu ya jambo lile, iliipiga marufuku medali hiyo na kuamuru zikamatwe. Mwezi wa Aprili mwaka huo huo Marekani iliingia vitani. Medali haikuwa sababu yake, lakini hasira iliyochochewa kwa kifo cha Lusitania ilikuwa bado mbichi.

Hata hivyo, ukweli haukukaa upande mmoja. Orodha ya mizigo ya Lusitania ilikuwa na risasi za bunduki zipatazo milioni 4.2, pamoja na makasha ya makombora ya mizinga. Hapo Goetz hakusema uongo. Alichokizua ni ile mizinga na zile ndege juu ya sitaha, ambazo hazikuwako. Karatasi ya Waingereza nayo ilijua kuzizungumza ndege zisizokuwako, na ikajua kunyamaza juu ya risasi zilizokuwako.

Mtu akiletewa medali ya Lusitania leo ataitambuaje? Aiandike kama polisi anavyoandika kielelezo cha mahakamani, kwa utaratibu, akianza na anachokiona kabla ya anachokidhani. Kwanza madini: sumaku ikiivuta, ni chuma, na uwezekano mkubwa ni nakala ya London, ingawa Goetz mwenyewe alisubu chache za chuma. Kisha kipenyo na uzito. Kisha uso wa mbele na uso wa nyuma, kila picha na kila neno kwa herufi zake, bila ya kusahihisha. Hapo ndipo siri ilipo, kwani katika ya Goetz mwezi umeandikwa MAI, kama Wajerumani waandikavyo, na kuna nukta baada ya tarakimu 5. Katika nakala za Waingereza umeandikwa MAY. Herufi moja inawatenganisha Munich na London. Mwisho atazame ukingo, maana zilizo halisi aghalabu zina jina la Goetz lililopigwa hapo, na wengi husahau kabisa kwamba medali ina upande wa tatu.

Vita vile vile vilizaa shaba ya namna nyingine, isiyo na kejeli. Mwaka 1917 serikali ya Uingereza ilitangaza mashindano ya kubuni kipande cha ukumbusho cha kupewa jamaa wa kila aliyekufa vitani. Michoro zaidi ya 800 ilipokelewa, na mshindi akawa Edward Carter Preston wa Liverpool. Kipande chake kina kipenyo cha sentimita 12: mwanamke Britannia ameshika shada juu ya jina la marehemu, na simba amesimama mbele yake. Vilitengenezwa zaidi ya milioni 1.3, na kama 600 kati yake vilikuwa vya wanawake. Jina la kila mtu limeinuliwa katika shaba yenyewe, halikuchorwa baadaye, na mbele ya jina hilo hapana cheo. Jenerali na kuruta wameandikwa kwa herufi za ukubwa mmoja, kwa kuwa iliamuliwa kwamba kifo cha mmoja kisionekane kikubwa kuliko cha mwenziwe. Wananchi wa huko, kwa uchungu, walikiita senti ya maiti. Sehemu zetu hizi ukumbusho wa vita vile unaojulikana zaidi ni ule wa kusimama barabarani: sanamu za askari za shaba zilizowekwa mwaka 1927 Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi. Hizo hazina jina la mtu hata mmoja.

Anayetaka kuanza kukusanya hahitaji fedha nyingi kama anavyohitaji daftari na subira. Ila nawaonya wenzangu wa kambini juu ya jambo moja, maana nawajua. Askari akiona shaba iliyofifia mkono humwasha; ataitafuta dawa ya kung'arishia vifungo na kitambaa, na kabla ya filimbi ya chakula medali itakuwa inang'aa kama bakoli ya mkanda wa gwaride. Kwa kufanya hivyo ameiua. Ule weusi, ule wekundu wa kahawa iliyoiva, msanii aliutia kwa makusudi kwa moto na dawa, au miaka imeutia polepole, na ukishasuguliwa haurudi. Medali hushikwa kwa ukingo, kwa vidole vikavu, kwa sababu jasho lina chumvi na chumvi huila shaba. Zikitokea chembe za unga wa kijani kibichi zinazodondoka, ni maradhi. Itengwe mara moja na nyingine na iwekwe mahali pakavu, na walioko pwani wafanye bidii zaidi. Mifuko ya plastiki laini haifai kuhifadhia, kwani hutoa majimaji yanayoiharibu. Bahasha ya karatasi safi kavu yatosha, na juu ya bahasha iandikwe imepatikana wapi, lini, kutoka kwa nani, na kwa bei gani.