Usichome Pesa ya Miwa kwa Amplifaya ya Wati za Makaratasi

Maze, uko hapa Kabras na spika za elektrostatiki, zile bapa zenye utando mwembamba badala ya koni. Ukipandisha isukuti, amplifaya inachemka na kuzima. Kabla uende Malava kununua kubwa, cheki hii: kutoka wati 50 hadi 100 unaongeza desibeli 3 pekee. Ndio usikie sauti mara mbili, unahitaji wati kama mara kumi!

Noma iko kwa omu. Kwa sauti nyembamba, ukinzani wa hizi spika hushuka, zingine hadi omu 2 ama chini, na zinavuta karenti mob. Amplifaya ya omu 8 haitoboi. Mwulize fundi kama inabeba omu 2 bila kuzima, wati baadaye. Ile "PMPO 3000" kwa katoni ni stori za jaba.